Tumrudishe Mtenda Katika Historia Yetu

Miaka michache iliyopita nilitumwa na idara yangu kuwakagua wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za upili za Kitui na Makueni. Kazi hiyo ina desturi zake. Mkaguzi hufika bila kuarifu, huketi dawati la nyuma, hufungua fomu yake ya alama, na darasa zima hujifanya halimwoni. Mimi ni mwalimu wa isimu na kwa kawaida hukagua vipindi vya Kiswahili. Siku hiyo, hata hivyo, mwenzangu wa historia alikuwa ameugua, nami nikaombwa kuketi badala yake katika kipindi cha Kidato cha Tatu, katika shule moja ya Makueni ambayo sitaitaja jina.

Mada ilikuwa vyama vya kwanza vya kisiasa nchini Kenya, na zamu ilikuwa ya kile chama cha Wakamba kilichojulikana kama Ukamba Members Association. Kijana wetu alikuwa amejiandaa barabara. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, maandalio ya somo yalikuwa mezani, na ubaoni alikuwa ameorodhesha sababu za kuundwa kwa chama, moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza safi cha vitabu. Nikizitafsiri zilisema hivi: mifugo ilipunguzwa kwa nguvu, ng'ombe walichukuliwa, watu walitozwa kodi, ardhi ilitwaliwa. Wanafunzi walinakili kimya kimya.

Mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. Akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, aliyekuja kuwachukua ng'ombe wa kina babu hakuwa Mzungu. Nyumbani husemwa alikuwa Mkamba, tena wa ukoo wetu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia arudie swali lake kwa Kiingereza, kama kanuni ya shule inavyotaka. Mvulana akasimama. Niliona midomo yake ikitafuta maneno, kisha akaketi bila kusema kitu. Mwalimu akaongeza kwamba jambo hilo, kwa vyovyote vile, halimo katika silabasi wala halitahiniwi. Kalamu zikarudi kwenye madaftari. Nami, ndugu msomaji, katika fomu yangu, penye kipengele cha nidhamu ya darasa, nikaandika: nzuri sana.

Usiku ule nililala Wote, na usingizi ukanikataa. Nilikuwa nimeshuhudia mtoto akiuliza swali bora kuliko yote yaliyoulizwa katika kipindi kizima, nikaona akinyamazishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa lugha na mara ya pili kwa mtihani, kisha nikampa alama za juu aliyemnyamazisha. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Hebu tuyatazame yale maandishi ya ubaoni kwa jicho la sarufi. Ilipunguzwa, walichukuliwa, walitozwa, ilitwaliwa. Kila mwalimu wa Kiswahili anaijua kauli hiyo: ni kauli ya kutendwa. Tunawafundisha watoto wetu kwamba katika kauli hii mtendwa hupandishwa kuwa kiima cha sentensi, na mtenda aweza kutajwa mwishoni kwa kiunganishi "na", au aachwe kabisa bila sarufi kuvunjika. Ng'ombe walichukuliwa. Sentensi imekamilika. Ina kiima, ina kitenzi, haina kosa hata moja. Ila mwizi hayumo.

Sisemi kwamba kauli ya kutendwa ni mbaya. Ina kazi zake, na lugha isingekuwa nayo ingekuwa maskini. Ninalosema ni kwamba historia inayofundishwa katika shule zetu imeifanya kuwa maficho. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, nacho Kiingereza kina maficho kama hayo hayo, tena mapana zaidi. Mwanafunzi aweza kusoma miaka minne, akafuzu kwa alama ya A, bila kulazimika hata mara moja kueleza ni nani hasa aliyemtenda nani, kwa amri ya nani, na kwa faida ya nani.

Tulitwae tukio lenyewe la mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba Wakamba wa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni yote, walikuwa na ng'ombe wengi kupita uwezo wa ardhi yao, na kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka. Ikaamuru mifugo ipunguzwe. Ng'ombe wakakamatwa na kunadiwa kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Mwezi Julai, halaiki ya wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakafunga safari hadi Nairobi kumwona Gavana. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakikataa kuondoka. Hatimaye Gavana Brooke-Popham alikwenda Machakos kuzungumza na watu. Muindi Mbingu akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasitishwa. Leo barabara inayopita mbele ya Soko la Jiji la Nairobi ina jina lake.

Hicho ni kisa cha kujivunia, nami najivunia. Lakini kisa hakikomei hapo. Ni kweli kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka. Ni kweli pia kwamba sababu moja kubwa ilikuwa msongamano: vilima vya Mua vilikuwa vimegawiwa walowezi, na Wakamba hawakuruhusiwa kulisha kwa uhuru katika nyanda za Yatta. Na ni kweli, kama alivyosema yule mvulana, kwamba utawala wa kikoloni haukuwa na Wazungu wa kutosha kuingia katika kila boma kuhesabu ng'ombe. Ulitegemea machifu, wazee wa vijiji na askari wao. Walikuwa Wakamba. Baadhi yao walitii kwa woga, baadhi kwa tamaa, na wengine huenda waliamini kwamba wanaiokoa ardhi. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na kila jina lina wajukuu na vitukuu, nao hukaa darasa moja na wajukuu wa walionyang'anywa.

Hapo ndipo penye ugumu. Historia ya kuonewa na mgeni si ngumu kufundisha. Mgeni amekwenda zake na hana mtoto darasani. Historia ngumu ni ile ambayo mtenda ni wetu. Wahenga walisema nyani haoni kundule, nasi tumelijengea kundu hilo mtaala mzima wa kutoliona.

Twende Kitui, nilikozaliwa. Kila mwanafunzi wa Kenya hukutana na jina la Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Kikamba wa karne ya kumi na tisa ambaye misafara yake ilikwenda hadi pwani. Ndiye aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849, na ilikuwa kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa katika shambulio karibu na mto Tana, naye Krapf akanusurika kwa taabu kubwa. Haya hufundishwa. Hufundishwa pia kwamba Wakamba walifanya biashara ya masafa marefu, na katika orodha ya bidhaa, baada ya pembe za ndovu, huja neno moja la haraka haraka: watumwa.

Nimelisikia neno hilo likisomwa darasani mara nyingi, na kila mara husomwa kana kwamba ni chumvi au shanga. Krapf mwenyewe aliandika kwamba Kivoi alimiliki watumwa. Ni nani hao? Walitoka wapi? Nani aliwakamata, nani aliwauza, na vizazi vyao viko wapi leo? Neno lenyewe limebeba swali tumboni mwake. Mtumwa ni nomino iliyozaliwa na kitenzi "tuma" katika kauli ya kutendwa: ni yule anayetumwa. Basi sarufi inatudai tuulize, anatumwa na nani? Kwa vizazi kadhaa sasa tumekuwa tukimjibu mtoto: na Waarabu. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli nusu, na ukweli nusu ukifundishwa kama ukweli mzima hugeuka uongo. Miongoni mwa waliotuma walikuwamo babu zetu wa bara, na Kivoi tunayemwimba alikuwa mmoja wao. Alikuwa pia shujaa wa biashara, mwenyeji mkarimu na kiongozi hodari. Mtu mmoja aliyabeba yote hayo, na kijana wa miaka kumi na sita ana akili ya kutosha kuyapokea yote kwa pamoja.

Aidha kuna njaa. Wakamba huzipa njaa zao majina, na majina hayo ni maktaba. Ile njaa kuu ya mwishoni mwa miaka ya 1890 wazee waliiita Ngomanisye, kwa maana kwamba ilifika kila mahali. Ilikuja baada ya sotoka kuwaua ng'ombe, ikaja pamoja na ndui, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikilazwa kupita Ukambani. Watu walikufa kwa wingi usiohesabika. Jambo lisilotajwa sana darasani ni kwamba katika njaa hiyo familia ziliwaweka rehani wanawake na watoto wao kwa majirani wa nyanda za juu ili wapate chakula. Wengine walikombolewa njaa ilipopita. Wengine hawakurudi kamwe. Waliolewa huko, wakazaa huko, na lugha yao ikafa vinywani mwao.

Je, huo ni ukatili au ni hekima ya kuokoa roho? Sina jibu jepesi, na sidhani mwalimu anapaswa kulitoa. Ila najua kwamba mtoto wa Kitui aliyejifunza jambo hilo hawezi tena kuambiwa na mwanasiasa kwamba Mkikuyu au Mwembu ni mtu wa damu ngeni, asiyehusiana naye kwa lolote. Huenda akamwuliza mwanasiasa huyo: je, bibi yetu aliyewekwa rehani, wajukuu wake ni kina nani?

Nimesema habari za watu wengine vya kutosha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Basi na niugeuze kwangu.

Nilipokuwa mtoto, tuliambiwa kwamba babu yangu mzaa baba "alifanya kazi Manyani". Hivyo tu. Sentensi hiyo, tofauti na zile za ubaoni, ina mtenda, na mtenda huyo ni babu. Lakini kitenzi chake kimefumba macho. Kufanya kazi: kazi gani? Tulipokuwa tukisafiri kwenda Mombasa, basi likipita Manyani, babu aliyekuwa msimulizi hodari alinyamaza na kutazama dirisha la upande wa pili. Tulidhani amechoka.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nilipofahamu Manyani ilikuwa nini katika miaka ya Hali ya Hatari. Ilifunguliwa mwaka 1954, ikawa kambi kubwa kuliko zote, ikizuilia maelfu ya watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Watu walipigwa humo, waliugua humo, walikufa humo. Babu alikuwa mlinzi. Nilikuwa na muda wa kumwuliza, kwani alifariki mwaka 2003 akiwa bado na akili timamu, lakini sikumwuliza. Nilipomwuliza ami yangu baadaye, alinijibu, "Wakati ule kazi ilikuwa kazi." Nimekaa na jibu hilo kwa miaka mingi, na kila nikilichambua nakuta kwamba halina mtenda wala mtendwa.

Mwezi Juni mwaka 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati huo, William Hague, alisimama Bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 yaliyowahusu watu 5,228. Kesi iliyoleta tangazo hilo ilibeba jina la Mutua. Miongoni mwa wadai wa kwanza walikuwamo Wakamba wawili, Ndiku Mutua na Paulo Nzili. Nilisikiliza habari hiyo redioni nikiwa jikoni kwangu, nikakaa chini. Vitabu vyetu vimetuzoeza kwamba Mau Mau ilikuwa ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kwamba Mkamba alikuwa askari mwaminifu wa Serikali. Hayo pia ni ukweli nusu. Paul Ngei alikamatwa mwezi Oktoba 1952 na kuhukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Wakamba walikula kiapo, Wakamba waliteswa, na Wakamba walishika marungu wakawatesa wengine. Inawezekana kabisa kwamba watu wa pande zote mbili walitoka kijiji kimoja, wakaabudu kanisa moja, na wakazikwa bila yeyote kusema neno.

Kwa hiyo ninapoandika kwamba ni lazima tumtaje mtenda, siandiki nikiwa juu ya kilima. Mtenda mmoja nilikalia goti lake nikisimuliwa hadithi za sungura na fisi. Nilimpenda, na bado nampenda. Nimegundua kwamba kumpenda hakunizuii kusema alichofanya. Lililokuwa likinizuia ni aibu, na aibu hiyo haikuwa yake peke yake. Nilikuwa nimeirithi kama shamba.

Najua pingamizi zitakazotolewa, nami naziheshimu kwa kuwa nyingi hutoka kwa walimu wenye nia njema.

Ya kwanza ni kwamba kufukua makaburi huamsha chuki. Nchi hii ilimwaga damu baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, na zaidi ya watu elfu moja na mia moja waliuawa. Kwa nini tuwape watoto kuni za moto mwingine? Jibu langu ni kwamba kuni hizo wanazo tayari. Yule mvulana hakuletewa habari na mwalimu. Aliileta mwenyewe kutoka nyumbani. Kila boma lina historia yake ya siri, na historia ya siri haina mtu wa kuisahihisha. Mwaka 1971 Jaji Mkuu Kitili Mwendwa, mwana wa Kitui, na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Ndolo, walijiuzulu baada ya majina yao kuhusishwa na njama ya kuipindua Serikali. Hawakushtakiwa. Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso, alifungwa. Mimi nilikua nikisikia habari hiyo kwa minong'ono tu, na kila mnong'onaji alikuwa na yake: huyu alisema walionewa kwa sababu ya kabila, yule alisema walisalitiwa na ndugu zao. Darasani sikuwahi kuisikia hata siku moja. Minong'ono ndiyo iliyokuwa kitabu chetu cha kiada.

Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilisimamisha kwa miaka kadhaa ufundishaji wa historia ya nchi hiyo shuleni, kwa kuwa historia iliyokuwa ikifundishwa awali ilikuwa imepanda mbegu za chuki. Naelewa uamuzi huo wa watu waliokuwa bado wanazika. Lakini somo ninalolipata kwao ni kwamba historia ya uongo ndiyo iliyoua. Nyamaa yaweza kuwa kitanzi cha muda cha kuzuia damu. Haiwezi kuwa dawa ya kidonda.

Pingamizi ya pili ni kwamba watoto ni wachanga. Sikubali. Mtoto wa Kidato cha Tatu amekwisha kuona mzazi akimdanganya jirani, amekwisha kuona mwalimu akimwonea mwanafunzi, naye mwenyewe amekwisha kutenda ubaya na kutendwa. Kwa hakika kitu anachokosa ni zoezi la kuyasema mambo hayo kwa haki.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo huisikia kwa walimu wenyewe wakiwa faraghani: nikifundisha hivyo, nani atanilinda? Mzazi mmoja mwenye cheo akikasirika, mwalimu huhamishwa. Hili ni kweli. Ndiyo maana siwezi kumlaumu yule kijana wetu wa mazoezi. Alifanya kama alivyofundishwa, na mmoja wa waliomfundisha ni mimi. Mzigo huu ni wa wakuu wa shule, wa wakuza mitaala, wa watunga mitihani na wa sisi tunaoandaa walimu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais tarehe 21 Mei 2013, ikiwa na ushahidi wa maelfu ya Wakenya. Miaka imepita, na shule ninazozitembelea Kitui na Makueni sijapata kuona hata ukurasa mmoja wake mikononi mwa mwanafunzi. Nchi inayowaita watu waseme ukweli, kisha ikafungia ukweli huo kabatini, haiwezi kumtaka mwalimu wa kijijini awe shujaa peke yake.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili washirikiane. Mwanafunzi achukue ukurasa wa kitabu chake cha historia, apigie mstari kila kitenzi cha kutendwa, kisha aandike upya sentensi hizo katika kauli ya kutenda. Pale atakaposhindwa kumtaja mtenda, aandike swali. Orodha ya maswali hayo ndiyo itakayokuwa mwanzo wa utafiti wake. Nimelijaribu zoezi hili na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na sijawahi kuona sarufi ikiwasisimua watu kiasi kile.

Pili, mtoto aruhusiwe kuleta ushahidi wa nyumbani kwa lugha aliyoupokelea. Bibi aliyeiona njaa ya miaka ya 1940 hakuiona kwa Kiingereza. Mwanafunzi asikilize Kikamba, asimulie kwa Kiswahili, kisha aandike kwa Kiingereza ikiwa mtihani unataka hivyo. Ushahidi hauhukumiwi kwa lafudhi yake.

Tatu, ushahidi wowote upimwe. Uaminifu hauna maana ya kuamini kila hadithi ya mezani. Yule mvulana huenda amekosea. Huenda ukoo wake unamsingizia marehemu kwa ajili ya ugomvi wa shamba. Mwalimu angemwuliza: nani aliyekuambia, naye aliambiwa na nani, na upande wa pili unasemaje? Nyaraka za Serikali zenyewe zina mapengo, kwani tunajua kwamba wakoloni walipokuwa wakifungasha virago walichoma majalada mengi na kuyasafirisha mengine, na yale yaliyofichwa Uingereza yalikirika hadharani mwaka 2011 tu. Mwezi Machi 1959, wafungwa kumi na mmoja walipouawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola, taarifa ya kwanza ya Serikali iliandikwa ili ieleweke kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Nyaraka pia hudanganya, tena kwa kauli fasaha.

Nne, watahini wabadili maswali. Maadamu mtihani unadai sababu tano zilizokaririwa, mwalimu atafundisha sababu tano. Siku mtihani utakapompa mwanafunzi taarifa mbili zinazopingana kuhusu tukio moja na kumtaka azipime, madarasa yatabadilika katika muhula mmoja.

Mwishoni mwa Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi. Alieleza huzuni na majuto yake makubwa kwa maovu waliyotendewa Wakenya, lakini hakuomba msamaha. Siku moja baadaye, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, Tanzania, nako aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda katika Vita vya Maji Maji. Wengi walisema tofauti hiyo ni ya maneno tu. Mimi, ambaye maneno ndiyo kazi yangu, naona ni tofauti kati ya mtu anayesikitika kwamba jambo lilitokea na mtu anayesema tulilitenda. Tulikuwa wepesi wa kuiona tofauti hiyo kwa Mfalme. Tuwe wepesi wa kuiona kwetu pia.

Asubuhi iliyofuata kile kipindi, kabla sijaondoka Wote, nilirudi shuleni. Nilimkuta yule mwanafunzi wetu wa ualimu katika chumba cha walimu, nikamwomba radhi kwa kuwa sikumwambia ukweli. Tukazungumza kwa saa nzima. Sikumwona yule mvulana. Walikuwa katika maabara. Nilimwachia ujumbe kwa mwalimu wake: mwambie swali lake lilikuwa zuri, na amwulize babu yake jina la yule mtu kabla babu hajaondoka na jina hilo.

Nasikia alimwuliza. Jibu alilopewa sikuambiwa, na si langu kulijua. Kwangu ilitosha kusikia kwamba juma lililofuata alisimama mbele ya wenzake akasimulia kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na safari hii darasa halikucheka.